Kumfikishia jirani Wi-Fi: daraja la redio kutoka paa hadi paa

Jirani yuko mita 300 hivi, ng'ambo ya shamba au bonde, na mmekubaliana kuchangia laini moja ya intaneti. Wazo la kwanza huwa ni kununua ruta "yenye nguvu", ile yenye antena nyingi zilizosimama kama miguu ya buibui aliyepinduka. Haitasaidia. Wi-Fi ni mazungumzo, si matangazo: ruta ikisema, simu lazima ijibu, na simu ina redio ndogo inayobana matumizi ya betri. Hata ruta ikisikika mbali kiasi gani, simu ya jirani itaonyesha mtandao upo na ukurasa hautafunguka, kwa kuwa jibu lake linaishia njiani.

Ruta ya kawaida huhudumia mita 30 hadi 50 kukiwa na kuta chache, na labda 100 penye uwazi. Ripita nayo husikia na kurudia kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hupungua kama nusu. Isitoshe, ripita ikae pale ambapo mawimbi bado ni mazuri, yaani katikati ya shamba, mahali pasipo na soketi wala paa.

Kinachofanya kazi ni redio mbili za nje zenye antena za mwelekeo, moja kwako na moja kwa jirani, zikitazamana. Mafundi huziita CPE. Simu za jirani haziongei na redio hizi kabisa. Redio ya kwake inashuka kwa kebo hadi kwenye ruta ndogo iliyo sebuleni, na ruta hiyo ndiyo inayowagawia Wi-Fi wa nyumba ile.

Kama umbali ni chini ya mita 100 na mna ruhusa ya kuchimba mtaro, fikirieni kwanza kebo ya nyuzi za kioo na vigeuzi viwili vya mwisho. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga karibu haivuki kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kebo ya shaba haifai kuunganisha nyumba mbili zenye ethi (waya wa kuzamisha umeme ardhini) tofauti, hata kama inafika kwa urefu. Kikomo chake ni mita 100 ukijumlisha na kipande cha ndani.

Kwanza muonane

Panda mahali hasa ambapo redio itafungwa, si chini yake. Jioni giza likianza kuingia, jirani naye apande kwake na kuwasha tochi akikuelekezea. Ukiona balbu yenyewe, njia ipo. Ukiona mwanga tu unaocheza kwenye majani, njia hakuna, hata kama mwanga ni mkali.

Lakini kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa. Hutanuka katikati kama mtumbwi, membamba kwenye ncha na manene tumboni. Kwa umbali wa mita 300 kwenye gigahezi 5.5, tumbo hilo lina nusu kipenyo cha mita 2, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 1.2 kila upande wa mstari, lazima iwe wazi. Kwa kilomita 1, nusu kipenyo hufika mita 3.7, na sehemu ya lazima ni mita 2.2. Kwa hiyo paa la ghala lililo nusu mita chini ya mstari wenu, katikati ya njia, linakula mawimbi ingawa tochi inaonekana vizuri kabisa. Dawa ni kuinua nguzo.

Mti ni adui kuliko ukuta wa mbali, kwa sababu hubadilika. Majani yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Daraja lililofungwa wakati mti umepukutika linaweza kufa majani yakichipua, na mwenye nalo akaanza kulaumu redio. Mti ukiwa kwenye njia, pisheni mti: hamisheni redio upande mwingine wa nyumba au iinueni juu zaidi. Msitegemee kwamba mawimbi "yatapenya kidogo".

Kuhusu masafa, chukueni gigahezi 5. Zile za gigahezi 2.4 zinasifiwa kwa kupenya vizuizi, ila zina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na tayari zimejaa ruta za watu. Tumbo la mawimbi yake pia ni nene zaidi: mita 3 badala ya 2 kwa umbali uleule.

Vifaa

- Redio mbili za nje za gigahezi 5, za kampuni moja na aina moja. Antena ya 13 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja), kama ya TP-Link CPE510, inatosha kwa umbali huu na zaidi. Dishi la 23 dBi ni kwa kilomita kadhaa, au mahali penye redio nyingi zinazogombana.
- Adapta mbili za PoE, za kupeleka umeme kwenye kebo ya data. Kwa kawaida huja ndani ya boksi la redio.
- Kebo ya nje ya Cat5e yenye ganda jeusi linalostahimili jua na kinga ya karatasi ya chuma, pamoja na plagi za RJ45 zenye ganda la chuma.
- Nguzo mbili za bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 4 hadi 5, na vishikizo vya ukutani.
- Vikinga-radi vya kebo ya data, vinne: kimoja juu na kimoja chini kwa kila nyumba. Waya wa ethi pia.
- Ruta ndogo ya ndani kwa ajili ya jirani.

Angalieni tundu la kebo la redio kabla ya kununua. Lililoandikwa megabiti 100 litawapa kama 94 halisi kwa sekunde, hata kama ukurasa wa redio unajigamba 300. Kama laini yenu ni ya kasi kuliko hapo, tafuteni yenye tundu la gigabiti.

Hesabu ya haraka itawaambia kama redio mliyoichagua inatosha. Mita 300 za hewa kwenye gigahezi 5.5 hupoteza desibeli 97 (desibeli ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi). Redio ikirusha 17 dBm, ongeza 13 za antena yako na 13 za antena ya jirani, toa 97: inabaki −54 dBm, na namba ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kinachotakiwa ni kati ya −45 na −60. Kila umbali unapoongezeka maradufu, toa desibeli 6 zaidi, kwa hiyo mita 600 ni −60 na mita 1,200 ni −66, bado inafanya kazi kwa kasi ndogo. Chini ya −70 ni mateso. Iandike namba yenu. Ndiyo mtakayoidai mkiwa juu ya paa.

Nguvu ya kurusha ina kikomo cha sheria katika kila nchi, na chaneli zinazoruhusiwa hutofautiana. Chagueni nchi yenu halisi kwenye mipangilio. Kudanganya nchi ili redio ipige kwa nguvu zaidi ni kosa, na hakusaidii kitu kama shida ni mti.

Kila kitu kisanidiwe mezani

Hakuna sababu ya kuhangaika na nywila ukiwa umening'inia kwenye ngazi. Weka redio zote mbili mezani mita 2 au 3 kutoka moja hadi nyingine, zisitazamane moja kwa moja, na shusha nguvu ya kurusha hadi chini kabisa.

Panga anwani kwanza. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1. Redio ya kwako, tuiite A, iwe 192.168.1.2. Redio B ya jirani iwe 192.168.1.3, na ruta ya jirani 192.168.1.4. Kisha kwenye ruta kuu hakikisha DHCP, huduma inayovipa vifaa anwani yenyewe, inaanza kugawa anwani kuanzia 100, ili kifaa kingine kisije kikapewa hizi mlizoweka kwa mkono.

CPE510 ikitoka dukani hupatikana kwenye 192.168.0.254, za Ubiquiti airMAX ni 192.168.1.20, na za MikroTik ni 192.168.88.1. Iwekee kompyuta kwa mkono anwani iliyo kwenye mtaa uleule (namba tatu za mwanzo zifanane na za redio), kwa mfano 192.168.0.10, ufungue ukurasa wa redio kwa kivinjari. Sasisha programu ya kifaa kwenye zote mbili kabla ya jambo lingine, na ubadilishe nywila ya kiwandani.

Redio A iwe "Access Point". Ipe jina la mtandao lisilofanana na Wi-Fi yako ya nyumbani, ulinzi wa WPA2 wenye AES au WPA3 kama ipo, na nywila ndefu ambayo hamtaihitaji tena. Upana wa chaneli uwe megahezi 40, au 20 kama eneo lina redio nyingi. Sehemu ya umbali jaza umbali halisi na nyongeza kidogo.

Redio B iwe "Client" yenye WDS, au hali ya daraja kama ndivyo kampuni yenu inavyoiita. Hiyo WDS si pambo. Bila hiyo, redio nyingi hupitisha anwani ya kifaa kimoja tu, na vitu vilivyo nyuma yake hupata mtandao kwa kubahatisha. Ifunge B kwenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya A ili isikimbilie mtandao mwingine wenye jina kama hilo. Kwenye redio zote mbili, zima DHCP.

Kuna chaneli za gigahezi 5 zinazotumiwa pia na rada. Redio ikipangiwa chaneli hizo hulazimika kusikiliza kimya kwa sekunde 60 au zaidi kabla ya kurusha, na ikisikia rada huhama yenyewe. Basi ikiwashwa na kukaa kimya dakika nzima, usiizime ukidhani imekufa. Kama sheria zenu zinawapa chaneli nje ya hizo, chagueni hizo.

A ikiwa imeunganishwa na ruta kuu, kompyuta iliyochomekwa nyuma ya B ikiweza kufikia 192.168.1.1 na kufungua ukurasa wowote wa intaneti, kazi ya mezani imekwisha. Rudisha nguvu ya kurusha mahali pake.

Kebo, ambako madaraja mengi hufia

Panga nyaya kwenye plagi, ncha zote mbili sawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Shikilia plagi mbele ya mwanga kabla ya kuibana. Ncha nane za shaba zote zionekane zimegusa ukuta wa mbele, na ganda jeusi la kebo liwe limeingia ndani ya plagi, si kuishia nje ambapo nyaya zitavutwa na upepo.

Redio nyingi ndogo hutumia umeme wa volti 24 unaopita kwenye jozi ya bluu na ya kahawia. Ikiwa tundu ni la megabiti 100, data hupita kwenye chungwa na kijani pekee. Hapo una kipimo cha bure: redio isipowaka kabisa, shuku bluu au kahawia; ikiwaka lakini kompyuta haioni kitu, shuku chungwa au kijani.

Adapta ina matundu mawili yanayofanana kabisa. Lililoandikwa PoE huenda kwenye redio, la LAN (mtandao wa ndani) huenda kwenye ruta au kompyuta. Ukiyabadilisha, umepeleka volti 24 kwenye tundu la ruta, nazo hazingoji kuulizwa. Kuna ruta hunusurika na kuna zisizonusurika. Funga utepe mwekundu kwenye kebo ya PoE siku hiyohiyo.

Kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na muuzaji hakukwambia. Kwa mita 5 inaweza kupita. Kwa mita 30 umeme unafika juu umechoka, na redio hujizima na kujiwasha kila inapoanza kurusha kwa nguvu.

Kabla kebo haijaingia tundu la ukutani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu kisha ipande kuingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo chini. Tundu lenyewe litobolewe likiinamia nje. Maji yakipata mwanya juu hayaishii juu: hutembea ndani ya ganda la kebo hadi kwenye adapta iliyoko sebuleni, na plagi huota kutu ya kijani.

Nguzo na vikinga-radi viunganishwe kwenye ethi ya nyumba. Vikinga hivi huokoa vifaa kutokana na radi inayopiga karibu. Ikipiga nguzo yenyewe, hakuna kinachobaki. Nguzo ikae mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake, ili ikianguka isizifikie. Mawingu mazito yakikusanyika, shukeni.

Kulenga

Mtu mmoja kila paa, simu sikioni. Redio zote zisimame wima namna moja, matundu ya kebo yakitazama chini. Lengeni kwanza kwa jicho, kisha fungueni ukurasa wa redio unaoonyesha nguvu ya mawimbi.

Mmoja atulie kabisa. Mwingine azungushe redio yake kushoto kwa vipande vidogo, akisubiri sekunde chache kila kipande kwa sababu namba huchelewa. Mpite kilele hadi namba ianze kuharibika, rudini, mpite upande wa pili, kisha mkae katikati ya hapo pawili. Fanyeni hivyo juu na chini. Halafu mbadilishane zamu. Wawili wakizungusha kwa pamoja, mtashinda juani hadi jioni.

Hapa ile namba ya hesabu inalipa. Mlitarajia −54 na mmepata −57? Fungeni boliti. Mmepata −74? Msiridhike eti "inafanya kazi": ama kuna kitu kwenye njia, ama mmenasa kiwimbi cha pembeni, maana antena hutoa kilele kikubwa mbele na vilele vidogo pembeni. Zungusheni kwa upana zaidi, kilele kikubwa kitajitokeza. Na kama nyumba ni karibu mno na namba inapita −40, punguzeni nguvu. Redio inayopigiwa kelele sikioni haisikii vizuri.

Kazeni boliti huku mkitazama namba. Ile robo ya mwisho ya spana huizungusha redio.

Ndani ya nyumba ya jirani

Kebo kutoka B ikiingizwa kwenye tundu la LAN la ruta ya jirani, ruta ile iwe kigawa Wi-Fi tu: DHCP yake izimwe, anwani yake iwe 192.168.1.4. Kusahau kuzima DHCP ndiko kosa linaloongoza. Ruta mbili zinagawa anwani kwenye mtandao mmoja, simu moja inapata njia sahihi na nyingine inapelekwa kwa ruta isiyo na njia ya kutoka, na hilo hutokea hata kwenye nyumba yako wewe.

Njia ya pili ni kuiingiza kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, ruta ya jirani iwe na mtaa wake wenyewe, kwa mfano 192.168.50.x. Wengi hudhani wakifanya hivyo wamejitenga. Ni kinyume chake. Ruta ya jirani inamkinga jirani dhidi yako, kwa sababu wewe ndiye uko upande wake wa "nje". Yeye bado anaweza kuifikia printa yako, kamera zako na diski yako ya mtandao, kama anavyoifikia ruta kuu.

Kutenga kwa kweli kunataka ruta kuu inayoweza kulipatia tundu moja mtaa wake wa pekee, yaani VLAN, na kanuni ya kuzuia mtaa huo usiingie kwako. "Mtandao wa wageni" wa ruta nyingi za nyumbani hufanya kazi kwenye Wi-Fi tu, hivyo redio A ikichomekwa kwenye tundu la kawaida iko ndani ya nyumba yako kamili. Kama ruta kuu haina uwezo huo, tumia ruta tatu: kuu ibaki na kebo mbili pekee, moja ya redio A na nyingine ya ruta yako ya ndani, na vifaa vyako vyote vikae nyuma ya hiyo ya ndani. Hapo kila mmoja ana mlango wake.

Kama mmetumia tundu la WAN, kwenye ruta kuu weka kikomo cha kasi kwa anwani ya ruta ya jirani, hasa kwa upande wa kupakia. Simu moja ikianza kuhifadhi picha mtandaoni inaweza kujaza njia yote ya kupakia, na simu za sauti za nyumba zote mbili zikaanza kukatikakatika. Kikomo cha jumla kiwe kama asilimia 90 ya kasi halisi ya laini.

Someni pia mkataba wa mtoa huduma. Wengi hukataza kupeleka laini nje ya jengo lililosajiliwa, na wengine huruhusu ukiomba. Kinachofanywa na jirani mtandaoni kinaonekana kimetoka kwenye anwani yako. Na umeme wako ukikatika, yeye naye yuko gizani upande wa intaneti, ila kama ruta kuu na redio A ziko kwenye betri. Redio hizi hula chini ya wati 10.

Ikigoma

Msikisie, pimeni vipande. Mkiwa kwa jirani, tumieni amri ya ping, inayokiuliza kifaa kama kipo, kwenda 192.168.1.3, kisha 192.168.1.2, kisha 192.168.1.1, mwisho 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti). Ikikatikia kwenye ya kwanza, ni kebo au adapta ya jirani. Ikikatikia kwenye ya pili, ni hewani. Ya tatu, ni kebo ya kwako. Ya nne, ni mtoa huduma, na daraja halina kosa. Daraja zima likiwa na afya, ping ya kwenda ruta kuu hurudi ndani ya milisekunde chache bila kupotea hata moja.

Mvua ikinyesha na mtandao ukafa, msiilaumu mvua yenyewe. Kwa mita 300 kwenye gigahezi 5, matone ya hewani hayapunguzi karibu chochote. Angalieni plagi iliyoingia maji au majani yaliyolowa. Mawimbi mazuri lakini kasi duni, hasa jioni, ni kelele za redio nyingine: badilisheni chaneli, kisha punguzeni upana kutoka 40 hadi 20. Namba inayopanda na kushuka na upepo ni nguzo inayocheza au tawi. Ukurasa wa redio ukionyesha tundu la kebo limeshikana kwa megabiti 10, bana plagi upya.

Siku ya kufunga, andika kwa kalamu isiyofutika juu ya kila adapta: anwani ya redio, chaneli na nguvu ya mawimbi iliyopatikana. Baada ya miezi kadhaa jirani akipiga simu kwamba mtandao umekuwa mzito, fungua ukurasa na ulinganishe. Ikiwa ilikuwa −55 na sasa ni −68, chukua ngazi.